Kutoka Lang'ata hadi Namunyak: kumfuata twiga nje ya uzio

Jumatatu, Lang'ata

Safari hii nimeianza na swali moja: twiga anayelishwa na wageni nyuma ya uzio anamsaidiaje twiga anayetembea porini Samburu? Nimelisikia likijibiwa haraka mno na pande zote mbili. Wapo wanaosema bustani za wanyama ni jela tupu, na wapo wanaosema bila bustani hizo twiga wangekwisha. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Twiga wangu wa kwanza nilimwona Haller Park, Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji yaliyogeuzwa msitu, na baadaye nikiwa mwalimu wa baiolojia niliwapeleka wanafunzi wangu huko huko. Nimekuwa nikiwaambia kwamba kumwona mnyama ni mwanzo wa kumlinda. Sasa nataka kujua kama niliwaambia kweli.

Nimeanzia Giraffe Centre. Saa tatu asubuhi basi la shule lilikuwa limeshafika na watoto wamejipanga kwenye ngazi za jukwaa, lililoinuliwa hadi usawa wa kichwa cha twiga. Mtoto akinyoosha mkono wenye chembe za chakula, ulimi mrefu wa rangi ya zambarau unashuka na kuzikomba zote. Kelele zake zinasikika hadi barabarani.

Historia ya mahali hapa ni nzito kuliko jukwaa linavyoonyesha. Mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville walimleta hapa Lang'ata ndama wa twiga wa Rothschild kutoka shamba moja la Soy, upande wa Eldoret, wakamwita Daisy. Shamba lile lilikuwa linagawanywa vipande, na twiga wa aina hiyo waliobaki nchini walikuwa karibu 130 tu. Mwaka 1979 wakaanzisha shirika la kuwaokoa, na mwaka 1983 kituo kikafunguliwa kwa umma. Makundi ya twiga wa Soy yalihamishiwa Ziwa Nakuru, Ruma, Mwea na Nasalot, na vizazi vya Lang'ata vimekuwa vikipelekwa porini vilevile.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisimama kando yangu akihesabu watoto wake. Nilipomwambia nami nilikuwa mwalimu, akasema, "Basi unajua, mwalimu. Hawa wamezaliwa Nairobi, mbuga iko pale ng'ambo, lakini gari la kuingia mbugani watalipata wapi? Hapa ndipo wanapomwona."

Sina la kumpinga. Lakini Lang'ata ina kitu ambacho bustani nyingi za ng'ambo hazina: pori la twiga wale wale liko katika nchi hii hii, mwendo wa lori. Twiga wa Ulaya au Marekani ana hadithi nyingine.

Jumanne, Nakuru

Tumetoka mapema na dereva wangu, kijana wa Gilgil anayejua kila kona ya barabara hii. Pale Elementaita alipunguza mwendo akanionyesha nyaya za umeme kwa mbali. Februari 2021 twiga watatu wa Rothschild waliuawa kwa umeme katika hifadhi ya Soysambu kwa sababu nyaya zilipita chini kuliko shingo zao. "Dada, mtu aliyezipandisha nguzo hizo hakuwahi kumwazia twiga," alisema.

Ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru tuliwakuta jioni, wamesimama kati ya migunga ya manjano, miguu myeupe kuanzia goti kushuka chini. Ni wajukuu wa wale wa Soy. Wamestawi, ila mbuga hii imezungushiwa uzio pande zote, na uzio una bei yake: miti mingi imeambuliwa magome na twiga wenyewe, kwa kuwa hawana pa kwenda msimu ukikauka. Unaweza kuokoa aina ya mnyama kwa kumfungia mahali salama, halafu mahali pale pakamjaa. Hapo inakuja kazi ya kuhamisha, ambayo ndiyo inayonipeleka Baringo.

Jumatano, Ruko, Ziwa Baringo

Marigat kulikuwa na joto la kuchemsha kichwa. Kampi ya Samaki tukapanda boti, tukapita juu ya paa za nyumba na vichwa vya miti iliyokufa maji. Ziwa hili limepanda kiasi cha kumeza barabara na hoteli, na ndilo lililowafanya twiga wa Ruko wakawa wafungwa.

Ruko ni hifadhi ya jamii, ya Wapokot na Wailchamus, watu waliowahi kuuana kwa ajili ya ng'ombe na sasa wanafanya doria pamoja. Mwaka 2011 waliletewa twiga wanane wa Rothschild kutoka Soysambu, kwenye rasi ya Longicharo. Wazee wa hapa walikuwa hawajaona twiga kwa miaka karibu 70. Kisha maji yakapanda, rasi ikakatika ikawa kisiwa, majani yakaisha. Ikabidi marenja wawavushie chakula kwa boti.

Renja aliyenipokea ni Mwilchamus wa makamo, mpole wa maneno. Alinipeleka hadi ufukweni ilikotia nanga ile pantoni. Waliiunda wenyewe kwa vyuma, ikaelea juu ya mapipa matupu, ikazungushiwa kuta ndefu ili twiga asiruke. Tarehe 2 Desemba 2020 alivushwa wa kwanza, jike aitwaye Asiwa. Tarehe 12 Aprili 2021 wakavuka wa mwisho, Ngarikoni na mtoto wake Noelle. Jumla tisa, wote wakafika salama kwenye eneo jipya la bara lenye ekari 4,400.

"Mzee, mlimwingizaje twiga kwenye boti?" nilimwuliza.

"Kwa subira," alisema. Asiwa alidungwa dawa ya usingizi, na hilo ni jambo la kuogofya kwa mnyama huyu. Baadaye wengine walizoezwa. Pantoni iliachwa ufukweni, ndani yake kukawekwa vyakula wanavyovipenda, leo hatua moja, kesho mbili, mpaka twiga akaingia mwenyewe akala akatulia.

Nilikaa kimya nikifikiri. Hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya mtunzaji katika bustani nzuri ya wanyama. Twiga huzoezwa kusimama wakakatwa kwato, wakatolewa damu shingoni, wakapigwa eksirei, bila dawa na bila kamba, kwa malipo ya jani la letusi. Mnyama wa porini hatoi nafasi ya kujifunza hivyo. Na ukiifuata historia ya watu utaukuta uzi: Save Giraffes Now, shirika la Marekani lililofanya kazi hii pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) na Northern Rangelands Trust, lilikuwa likiongozwa na David O'Connor, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtafiti wa bustani ya San Diego, California, na akiwa huko alianzisha mradi wa twiga kaskazini mwa Kenya. Kwa hiyo sehemu ya ujuzi uliofika hapa ilipita kwenye geti la bustani.

Lakini Wapokot na Wailchamus ndio waliounda chombo na kukisukuma. Naliandika hili kwa makusudi, kwa sababu picha zilizozunguka duniani zilimwonyesha twiga zaidi kuliko mikono yao.

Alhamisi, njiani

Kutwa nzima barabarani. Nyahururu mvua, Rumuruti vumbi.

Dereva aliniuliza kwa nini wasichukue tu twiga wa Marekani wakawarudisha huku. Ni swali la haki na jibu lake ni refu. Kwanza, twiga wengi wa bustani za ng'ambo ni machotara: zamani aina zilichanganywa bila kujali, twiga wa Rothschild na twiga wa Kisomali wakazalishwa pamoja. Agosti 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilikubali kwamba twiga si mnyama mmoja bali spishi nne, na hapo chotara anakosa hata pori la kurudi. Pili, kumsafirisha mnyama wa urefu wa mita nne na zaidi kuvuka bahari, na magonjwa anayoweza kubeba, ni hatari isiyo na sababu wakati twiga wa porini wapo na wanazaana. Tatu, na hili ndilo zito, pori lililompoteza twiga kwa mitego na njaa litampoteza tena yule utakayemleta. Bora fedha hiyo ihamishe twiga wa porini kutoka mahali walipojaa.

Nikamsimulia habari za Uganda. Januari 2016 mamlaka ya wanyamapori ya huko pamoja na Giraffe Conservation Foundation walivusha twiga 18 kwa feri juu ya Mto Nile ndani ya mbuga ya Murchison Falls, wakawaweka ukingo wa kusini ambako hawakuwako. Upande wa kaskazini kuna mafuta ardhini, na ilikuwa hatari kuwaacha wote kwenye ukingo mmoja. Kazi ile imeungwa mkono na bustani za Marekani, ikiwemo Cheyenne Mountain kule Colorado, ambako mgeni hununua letusi akamlisha twiga kwa mkono. Kuna mtu aliyemlisha twiga jani mlimani Colorado na shilingi yake ikafika Nile.

"Na yeye anajua?" dereva akauliza.

Hilo ndilo ningependa kuziuliza bustani zote.

Ijumaa, Loisaba

Tumelala pembeni mwa Laikipia, kwenye ukingo wa miamba unaotazama kaskazini. Hapa nimemkuta twiga niliyemjia: twiga wa Kisomali, ambaye mabaka yake makubwa ya hudhurungi yamegawanywa na mistari myembamba myeupe kama wavu mpya. Miaka ya nyuma alikuwa karibu 36,000. Mwaka 2018 alipotangazwa kuwa hatarini kutoweka, makadirio yalikuwa chini ya 16,000. Hesabu za karibuni zimefika zaidi kidogo ya 20,000, na sehemu ya ongezeko hilo ni kwa sababu watu wamehesabu vizuri zaidi. Wengi wao wako Kenya, na wengi wa walioko Kenya hawako ndani ya mbuga ya taifa. Wanaishi na ng'ombe, ngamia na watu.

Ndiyo sababu mwaka 2016 bustani ya San Diego ilisaidia kuanzisha hapa na Namunyak kikosi kinachoitwa Twiga Walinzi. Ni vijana wa maeneo haya haya, wengi wao Wasamburu, wanaolipwa kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na wageni wa miezi mitatu. Nimeshinda nao leo.

Asubuhi tulikwenda kukagua kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita. Zimefungwa kwenye miti, ndani ya visanduku vya chuma, maana tembo akizichukia huzing'oa. Msichana mmoja wa kikosi alitoa kadi, akaweka nyingine, akafyeka nyasi zilizokuwa zikitikisika mbele ya lenzi. Nyasi moja ikipepea mchana kutwa inaweza kukupa maelfu ya picha za upepo. Picha za namna hiyo zilikuwa nyingi hivi kwamba mwaka 2017 San Diego ilifungua mradi wa mtandaoni, Wildwatch Kenya, ambako mtu yeyote duniani mwenye intaneti alisaidia kuzichambua: huyu twiga, huyu swala, hii ni nyasi tu. Maelfu ya watu walijitolea. Baadhi yao, naamini, ni wale wale waliowahi kusimama na watoto wao mbele ya uzio wa twiga.

Mchana tuliwafuata twiga wenyewe. Kila mmoja hupigwa picha ubavuni, kila mara upande ule ule, kwa kuwa mabaka ya twiga hayabadiliki tangu kuzaliwa hadi kufa na hayafanani na ya mwingine. Programu ya kompyuta hulinganisha picha mpya na za zamani na kusema huyu ni nani. Hivyo wanajua nani amezaa, nani hajaonekana tangu kiangazi, nani amevuka kutoka Loisaba hadi nchi ya Samburu. Kijana aliyeshika kamera alimtambua jike mmoja kabla hata hajaitazama kompyuta. "Huyu namjua kwa shingo," alisema, na alipoziangalia picha za nyuma alikuwa sahihi.

Jioni walinieleza jinsi twiga anavyofungwa kifaa cha kumfuatilia kwa setilaiti, na nikaelewa kwa nini yule mzee wa Ruko alisema inaogofya. Shinikizo la damu la twiga ni karibu mara mbili ya la binadamu, kwa sababu moyo unasukuma damu hadi kichwa kilicho juu sana. Ukimlaza kwa dawa muda mrefu, damu na pumzi vinavurugika, na matapishi yanaweza kumwingia mapafuni. Kwa hiyo anadungwa, akianza kulewa anazungushiwa kamba, na mara tu anapoanguka daktari anampa dawa ya kuiondoa ile ya kwanza. Anakuwa macho kabisa. Kinachomshikilia chini ni watu waliokalia shingo yake na kitambaa machoni, maana twiga hawezi kuinuka bila kuinua shingo kwanza. Ndani ya dakika chache anapimwa, anachukuliwa kipande cha ngozi cha vinasaba, anafungwa kifaa, anaachiwa.

Ujuzi huu ulijengwa na madaktari wa porini wa Afrika pamoja na wale wa bustani, wakipeana habari kwa miaka mingi. Ufuatiliaji wenyewe ni kazi ya wengi: Giraffe Conservation Foundation yenye makao Namibia, San Diego, na taasisi ya Smithsonian ambayo ndiyo yenye bustani ya taifa ya wanyama kule Washington. Alama zinazotumwa na twiga hao zinaonyesha njia wanazopita nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya malisho, na njia hizo ndizo za kuzungumzia kabla hazijazibwa na uzio au barabara.

Jumamosi na Jumapili, Namunyak

Tulizunguka kwa Nanyuki na Isiolo, tukaiacha lami Archers Post. Kutoka hapo hadi Wamba milima ya Mathews inakukaribia taratibu, kijani juu ya nchi kavu.

Namunyak ni hifadhi ya jamii tangu 1995, na ndani yake kuna Reteti, kituo cha yatima wa tembo kilichofunguliwa 2016 na kinachomilikiwa na Wasamburu wenyewe. Ndama wa twiga huletwa hapa pia, hasa kiangazi, wamepotezana na mama zao au wameokotwa na wachungaji. Mtunzaji mmoja, mama kijana mwenye shanga hadi kidevuni, aliniambia tembo mchanga hukulilia, ila twiga anasimama kimya tu akidhoofika, na usipojua kumsoma utamkuta amekufa.

Maziwa ndiyo shida ya kwanza. Kumlea mtoto wa mnyama asiye na mama kunahitaji kujua maziwa ya mama yake yana mafuta kiasi gani, na kwa mnyama wa porini utayapata wapi? Hapa bustani zina hazina ya kweli: miaka mingi ya kumbukumbu za wanyama waliozaliwa mbele ya macho ya watu, uzito wao wa kila wiki, walichonyonya, kilichowaumiza tumbo. Wataalamu wa San Diego wamefanya kazi na Reteti kwenye jambo hili, na kituo kikaacha maziwa ya unga ya kununuliwa mbali kikageukia maziwa ya mbuzi yanayouzwa na akina mama wa vijiji vya jirani. Nimeona mitungi ikipokelewa na kupimwa. Mama anayeuza maziwa hapa ana sababu iliyo mkononi ya kutaka yatima aishi, na mimi sijui uhifadhi ulio bora kuliko huo.

Jumapili alasiri Twiga Walinzi wa upande huu walikuwa na kazi ya kutembelea maboma. Hukaa na familia, huuliza wamewaona twiga wapi, kama kuna anayewinda, kama kuna waya wa mtego. Nyama ya twiga ni nyingi, mnyama mmoja analisha watu wengi, na ukame ukibana au soko likifunguka mjini mtego unategwa. Vijana hawa hawaji na hotuba. Wanajua mbuzi wa nani amezaa na nani ana mgonjwa.

Katika boma la mwisho mzee mmoja alisikiliza hadi mwisho, fimbo mapajani. Kisha akanigeukia mimi, mgeni.

"Mama, wewe unaandika?"

"Ndiyo, mzee."

"Andika hivi. Twiga hatugombani naye. Hali majani ya ng'ombe, anakula juu. Tulikuwa naye kabla ya hao wenye kamera. Lakini kiangazi ng'ombe na twiga wanangoja maji pamoja. Wakitaka twiga aishi, waangalie maji."

Nimeandika. Usiku huu nimelipitia swali langu la Jumatatu na nina msimamo. Bustani ya wanyama inastahili kupimwa kwa kile kinachotoka getini kwake: fedha, ujuzi wa maziwa na wa dawa, mshahara wa kijana wa Kisamburu ambaye hatawahi kufika California. Bustani inayomweka twiga, ikauza tiketi na isipeleke chochote huku haina dai lolote juu ya twiga wa porini, hata ibandike mabango mangapi ukutani. Na iliyopeleka, kama San Diego ilivyofanya hapa, bado inadaiwa na yule mzee.

Jumatatu, Wamba

Tunasubiri gurudumu lizibwe kabla ya kurudi kusini. Vijana wawili wa kikosi wamepita na pikipiki kuelekea lugga, mto mkavu wa msimu, ambako wachungaji wameona ndama bila mama. Wamebeba simu, kamera na galoni la maji. Wakiona mama yuko karibu watamwacha. Twiga jike huweza kumficha mtoto wake na kwenda mbali kutafuta maji, na ndama wengi walioonekana yatima hawakuwa yatima. Wakingoja hadi giza na hakuna aliyekuja, wataipigia Reteti. Mmoja wao amechukua namba yangu, akaahidi kunitumia habari.